Mungu yuko tabaka gani?

Kila tunapowafundisha wanafunzi wa Koni matabaka ya hewa inayoizunguka dunia, swali moja halikosi: "Baba mchungaji, Mungu yuko katika tabaka gani?" Tusiwakemee.

Tunaanza na wanachokiona. Tabaka la chini, troposfea, katika nchi zetu za joto hufika karibu kilometa 16 juu. Humo, kila ukipanda kilometa moja joto hupungua digrii sita hivi, na mvuke hugeuka mawingu. Mvua inayoijaza Lufira na kuzungusha mitambo ya umeme ya hapa Koni inatoka humo. Mtoto akishika hilo, mengine ni mepesi: stratosfea, yenye ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua, mesosfea, ambako vimondo vingi huungua, kisha themosfea.

Sasa lile swali. Kiswahili chetu kinatutega kidogo: mbingu ya mawingu na mbingu ya Baba yetu ni neno moja. Tukimwambia mtoto kwamba Mungu anakaa juu ya tabaka la mwisho, siku atakayosoma habari za Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia mwaka 1961, atadhani tulimdanganya. Na kweli tutakuwa tumemdanganya. Sulemani mwenyewe alikiri, katika 1 Wafalme 8:27, kwamba mbingu zote haziwezi kumtosha Mungu. Basi tunawajibu hivi: hakuna tabaka linalomfungia Mungu ndani, wala hakuna asilokuwapo. Kisha tunarudi ubaoni, maana mtihani wa jiografia utauliza ozoni.