Mapenzi Mapya Katika Utu Uzima: Swali Lisiloulizwa Kliniki

Kiswahili kina kauli mbili zinazopingana juu ya watu wa makamo. Methali husema utu uzima dawa, kwa maana kwamba aliyeishi miaka mingi ana busara ya kutengeneza mambo. Kauli ya mtaani husema "mtu mzima hovyo", nayo hutupiwa upesi mama au baba wa miaka 50 anayeonekana kujipamba, kunukia na kupokea simu pembeni. Mtu aliyeachana na mwenzake baada ya ndoa ya miaka mingi, kisha akajikuta anapenda tena, husimama katikati ya kauli hizo. Wengi huamua kuficha, na jambo linalofichwa majirani aghalabu hufichwa daktari pia.

Usiri huo una gharama. Utafiti wa kitaifa wa VVU uliofanyika Tanzania mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kuwa, miongoni mwa wanawake, kiwango cha maambukizi kilikuwa juu zaidi kwa wenye umri wa miaka 45 hadi 49. Sehemu ya kiwango hicho ni habari njema: watu walioambukizwa zamani wanaishi miaka mingi kwa msaada wa dawa za kufubaza virusi. Hata hivyo, kwa anayeanza uhusiano mpya maana yake ni moja. Mwenza wa rika lake anaweza kuwa anaishi na VVU, akijua au bila kujua. Mvi si cheti cha afya.

Mtu wa umri huu hafiki kliniki mara chache. Huja kupima shinikizo la damu na sukari, na hujibu maswali kuhusu chumvi, sigara na mazoezi. Swali la mwenza haliulizwi. Muuguzi wa miaka 26 aliyekwisha kumwamkia mgonjwa "shikamoo" huona ni kukosa adabu kumuuliza habari za chumbani. Mgonjwa naye huona aibu kulianzisha mbele ya mtu wa umri wa mwanawe. Heshima ya pande mbili huzaa ukimya, na kila mmoja huondoka akidhani mwenzake hakuona haja.

Njia ya kuvuka aibu hiyo ni kulifanya swali kuwa la kila mtu. Mhudumu, mlango ukiwa umefungwa na ndugu aliyemsindikiza mgonjwa akiwa nje, anaweza kusema: "Mama, maswali haya huulizwa kila anayehudhuria hapa, na majibu yake ni siri. Je, kwa sasa una mwenza? Kuna jambo lolote katika tendo la ndoa linalokuletea maumivu au wasiwasi?" Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Humwonyesha kwamba hajahukumiwa, hasa pale ambapo mwenza huyo bado hajatambulishwa kwa wazee.

Kipimo cha kwanza cha wapenzi wapya ni cha VVU na kaswende, na inafaa waende pamoja. Kipimo cha haraka cha VVU huweza kutoonyesha maambukizi mapya hadi miezi 3 ipite. Kwa hiyo majibu ya siku moja hayatoshi, na kondomu hutumika hadi kipimo kirudiwe. Kwa Waislamu, eda ya mtalaka aliyekoma hedhi nayo ni miezi 3. Mwanamume hakai eda, lakini kipimo kinamhusu sawasawa. Ikiwa mmoja wao ana VVU, penzi halijafikia mwisho: anayetumia dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, na akabaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Asiye na maambukizi naye anaweza kupata dawa kinga wakati mwenzake akisubiri kufikia hali hiyo.

Kwa mwanamke, mwili wa miaka 50 si ule wa fungate ya kwanza. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana, hata kama hedhi hupotea miezi kadhaa. Aliyevuka miaka 50 hushauriwa kuendelea na uzazi wa mpango kwa mwaka 1 baada ya hedhi ya mwisho. Aliye chini ya miaka 50, kwa miaka 2. Ukavu ukeni nao hausemi kwamba hisia zimekufa. Unatokana na kupungua kwa homoni, hufanya ngozi laini ya ndani ichanike kwa urahisi, na una tiba. Kilainishi cha maji husaidia. Mafuta ya kujipaka au ya nazi huharibu kondomu za mpira. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, ni sababu ya kwenda hospitali mapema ili saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba isichelewe kugunduliwa.

Kwa mwanamume, hofu kubwa ni kuaibika mbele ya mwenza mpya. Wapo wanaoacha dawa za shinikizo la damu kimyakimya kwa kuzishuku kuwa ndizo zinazowapunguzia nguvu, na kuacha hivyo kunaweza kuishia kwenye kiharusi. Dawa ikishukiwa, daktari anaweza kuibadilisha. Wengine hununua vidonge vya kuongeza nguvu bila kupimwa. Sildenafil ikichanganywa na dawa za moyo za kundi la nitreti huweza kushusha shinikizo la damu kiasi cha kuua. Zaidi ya hayo, upungufu wa nguvu za kiume mara nyingi ni dalili ya kisukari au ya mishipa ya damu inayoziba, na huweza kutangulia ugonjwa wa moyo. Anayekuja kulalamikia chumba cha kulala huenda ameuokoa moyo wake.

Yapo pia majeraha yasiyoonekana kwenye kipimo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: aliyesalitiwa huisoma kila simu isiyopokelewa kama ushahidi, na aliyepigwa hutetemeka sauti ikipanda. Hofu ya namna hii hupungua ikielezwa kwa mwenza na kupewa muda. Lakini huzuni isiyoondoka kwa wiki 2 au zaidi, usingizi uliopotea, au mawazo ya kujidhuru huhitaji msaada wa mtaalamu wa afya ya akili. Na pale ambapo mwenza mpya anazuia dawa, anakataa kipimo au anatumia nguvu, hofu si kumbukumbu ya zamani. Ni onyo la sasa.

Methali ya utu uzima hutimia kwa matendo ya kawaida: kusema ukweli kuhusu dawa anazotumia mtu, kukaa kwenye benchi moja la maabara, kukubali kurudia kipimo. Vijana wengi hushindwa kufanya hayo kwa haraka ya mapenzi. Watu wazima wawili wanaweza, ikiwa aliye upande wa pili wa meza atawauliza.