Pumzi Nayo ni Mtaji: Biashara ya Simu Isikuzeeshe Kabla ya Umri

Leo tuache kidogo habari za oda, tuongee kuhusu pumzi.

Mimi nina miaka 47, nauza dagaa wakavu na migebuka kutokea hapa Bangwe, Kigoma. Oda zinaingia WhatsApp, malipo kwa simu, boda anapeleka mzigo. Siku inaisha nimekaa. Nikipanda kilima na ndoo ya dagaa nahema, watu wanasema ni umri. Ni kweli, ila si umri peke yake.

Hesabu ya umri iko hivi: kadirio la mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika ni 220 toa umri wako. Mwenye miaka 20 anapata 200, mwenye 50 anapata 170. Mapigo yakipungua, damu inayopeleka oksijeni kwenye misuli nayo inapungua. Baada ya miaka 30, asiyefanya mazoezi hupoteza takriban asilimia 10 ya uwezo huo kila miaka 10. Anayejishughulisha hupoteza karibu nusu ya hapo.

Kukaa nako kunakula mtaji. Mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, vijana 5 wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana zile wiki 3 ziliwashusha kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka! Wakafanya mazoezi miezi 6, wakarudi pale walipokuwa ujanani kabla ya kulazwa.

Hapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamepimwa: zaidi ya saa 2 kwa siku wako kwenye shughuli za kuhemesha, wazee kwa vijana. Wenye presha ni wachache.

Fanya hivi:

1. Tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kipimo: unaweza kuongea, kuimba huwezi.
2. Mzigo mwepesi wa mteja wa jirani peleka kwa miguu. Hela ya boda inabaki mfukoni.
3. Kama ulikaa muda mrefu, anza na dakika 10. Kifua kikibana au ukisikia kizunguzungu, simama, nenda kituo cha afya.

Simu itapokea oda, lakini dagaa hawajianiki wenyewe. Haya, wewe leo umetembea dakika ngapi?