Ki-67, alama ya seli inayogawanyika

Je, wajua kwamba Ki-67, protini inayotajwa sana katika majibu ya vipimo vya saratani, ilibatizwa kwa jina la mji na namba ya kitundu? Mji ni Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Kitundu ni cha 67 kwenye sahani ya maabara yenye vitundu 96. Johannes Gerdes na wenzake, walioeleza kazi yao mwaka 1983, walikuwa wamewachanja panya viini vya seli za limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani, wakitafuta kingamwili ya kuzitambua seli hizo. Kitundu cha 67 kikawapa kitu kingine: kingamwili inayonasa seli yoyote, iwe nzima au ya saratani, mradi imo katika mzunguko wa kugawanyika. Kinachonaswa ni protini ya Ki-67, na kingamwili ikiambatanishwa na rangi, seli iliyopumzika haishiki rangi.

Hospitali hazikungoja kujua protini hiyo inafanya nini. Kipande cha uvimbe hutiwa rangi, kisha mtaalamu wa patholojia huhesabu kwa darubini ni viini vingapi kati ya mia vimeshika. Limfoma ya Burkitt, ile ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na taya zilizovimba za watoto wa Uganda, hukaribia asilimia 100. Kwenye saratani ya matiti mambo si mepesi hivyo. Asilimia 5 kushuka chini ni kidogo, 30 kwenda juu ni nyingi. Hapo katikati wataalamu wawili hutazama kioo kimoja na kutoka na hesabu mbili.

Kazi ya Ki-67 yenyewe ilianza kueleweka vizuri mwaka 2016. Seli inapojigawa, utando wa kiini huvunjika na kromosomu hubaki wazi. Watafiti wa Vienna, akiwemo Sara Cuylen, walionyesha kwamba Ki-67 huzifunika: ncha moja ya protini hushika kromosomu, nyingine huchomoza nje, na kromosomu hazigandamani, kama sabuni inavyozuia matone ya mafuta yasiungane. Mgawanyiko ukikaribia kwisha, protini ileile hugeuza kazi. Huzikusanya kromosomu pamoja, na ute wa seli ukasukumwa nje kabla kiini kipya hakijajengwa.

Linalonifurahisha zaidi ni hili: mwaka huohuo, watafiti wa Montpellier, Ufaransa, waliwaharibia panya jeni ya Ki-67. Panya wale walizaliwa, wakakua, wakazaa. Kumbe seli inaweza kugawanyika bila alama yake maarufu.

Hata kutoweka kwake hakuji ghafla. Seli ikishaacha kugawanyika, Ki-67 hupungua polepole, kwa hiyo kiini chenye rangi hafifu chini ya darubini huenda ni cha seli iliyokwisha kustaafu.