Leseni Yako Itakwisha Lini?

Ikiwa nyumbani mwako hapa Kenya yumo dereva, awe wewe mwenyewe, mumeo au mwanao, mwulize leo: leseni yako itakwisha lini? Wengi hukumbuka siku ile askari wa barabarani anapoinua mkono.

Zamani tulikuwa na kile kijitabu chekundu. Muda ulipokwisha, mtu aliacha kazi, akapanda basi alfajiri, akapanga foleni, akalipa, akapewa kikaratasi cha kubandika ndani. Aliyetoka mbali alilala mjini. Mshahara wa siku mbili kwa ajili ya kikaratasi kisichojaza kiganja!

Siku hizi mambo yamegeuka. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hupokea maombi kwa intaneti, nawe huingia kwa mlango wa eCitizen, pamoja na huduma nyingine nyingi za serikali. Kuongeza muda wa leseni ni kazi ya kukaa kitini: waingia kwa namba ya kitambulisho na neno la siri, wajaza maombi, walipa kwa M-Pesa, basi.

Ila kadi yenye chipu, iliyoanza kutolewa 2017 mahali pa kijitabu, inataka picha na alama za vidole, na vidole havipelekwi kwa simu. Utaomba na kulipa nyumbani, kisha utakwenda mwenyewe. Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa Nairobi mwaka 2013, na sasa vituo hivyo vimo katika kaunti zote 47. Mtihani nao haujahamia kwenye intaneti. Lazima usogeze kigari cha mchezo juu ya ubao ule wa mji mdogo mbele ya mtahini, halafu uendeshe motokaa ya kweli barabarani. Na iwe hivyo hivyo! Mimi sitaki kupishana mteremkoni na mtu aliyefaulu akiwa kitandani.

Sasa sikia yaliyompata jirani yangu, dereva wa lori. Alikwenda saiba, akamwambia kijana, "Mwanangu, nishughulikie leseni." Kijana akafungua akaunti, akaandika namba ya simu yake mwenyewe, akabuni na neno la siri. Jirani akalipa, akaenda zake akifurahi. Miaka mitatu ikapita. Alipotaka kuongeza muda, akaambiwa ametumiwa tarakimu za kuthibitisha. Zimetumwa wapi? Kwenye simu ya kijana, naye kijana alikwisha hama, na duka limekuwa la kinyozi. Wiki mbili lori liliendeshwa na mtu mwingine, na karo ya watoto ikangoja.

Kijana yule simwiti mwizi. Alitaka kumaliza haraka, na nyuma yake walikuwapo watu wanangoja. Kwa hiyo, ukienda saiba, usiketi benchi la nje. Vuta kiti, kaa ubavuni pake. Namba ya simu iwe yako. Neno la siri uliandike kwa vidole vyako, hata ukitafuta herufi moja moja. Utazame anwani juu ya kioo kama ni ya serikali, yenye go.ke, maana waigaji wapo. Fedha uzilipe kwa simu yako, upate kuona ni shilingi ngapi hasa.

Tena usingoje siku ya mwisho. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wavamizi wa mitandao, na walioacha shughuli zao hadi juma lile walikwama.

Jirani yangu alikwenda kituoni na kitambulisho chake, namba ya simu ikabadilishwa. Jioni ile mwanawe wa kidato cha pili akamsaidia kulipa. Lakini ilipofika zamu ya neno la siri, mzee alimwambia mwanawe ageuke atazame ukutani.