Uvuvi wa Jumapili: kijiko, waya na miwani

Ndugu mfanyakazi, ukitaka kuanza kuvua mbenga katika Lualaba kwa chambo cha chuma, usikimbilie kile kinachong'aa zaidi. Nunua kijiko cha kuvulia cha gramu 20 hivi, fimbo ya mita 2 na uzi wa nailoni wa kilo 10. Kati ya uzi na kijiko funga waya wa chuma wa sentimita 30, maana meno ya mbenga hukata nailoni mara moja.

Sasa sikia hatari. Kinywa cha mbenga ni mfupa mtupu, ndoana haishiki vizuri. Anaruka, anatikisa kichwa, na kijiko kinakurudia usoni kama jiwe la manati. Kazini unavaa miwani. Kwa nini mtoni uiache? Kabla ya kutupa, bana kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndoana, ili ikikuchoma itoke bila kupasua nyama. Kumtoa samaki ndoana ni kwa koleo vilevile, si kwa vidole. Watoto wasisimame nyuma yako.

Ndoana ikiingia jichoni, usiivute: funika bila kukandamiza, nenda hospitali upesi. Ikichoma mkono, osha kwa sabuni, kisha uulize dispensari juu ya sindano ya tetanosi.