Kilichojificha chini ya rangi ya Mv. Liemba

MAFUNDI wa boti katika mwalo wa Kizuka wana desturi moja. Chombo cha zamani hawakikagui kwa macho, wanakikwangua kwanza. Rangi ya juu ikitoka inatokea ya chini yake, na mara nyingine linatokea jina ambalo tajiri wa kwanza alilipa boti lake kabla halijauzwa mara mbili, mara tatu. Hapo mbao zilizobadilishwa zinajitenga na zile za awali, na fundi anaweza kumwambia mwenye mali ukweli: unakarabati boti lako, au unajenga jingine na kuliita kwa jina la zamani.

Swali hilo sasa linaihusu meli kongwe ya ziwa letu, Mv. Liemba. Meli hiyo ilisimama kubeba abiria mwaka 2018, na baadaye serikali ya Tanzania ikaingia mkataba wa kuifanyia ukarabati mkubwa. Wasomaji wa pwani hii, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, hawahitaji kuelezwa ni meli ipi. Wapo walioipanda na mizigo yao, na wapo walioipanda bila mzigo wowote.

Masanduku 5,000

Liemba ilitengenezwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikiwa kazi namba 300 ya kiwanda hicho. Iliungwa kwanza kwa majaribio, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, halafu kwa reli hadi Kigoma, safari ya zaidi ya kilometa 1,200. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Wataalamu watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliifuata meli yao ili kusimamia kazi ya kuiunga upya, na Februari 5, 1915 ikashushwa majini.

Itakumbukwa kwamba wakati huo Burundi nayo ilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani. Meli ikapewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyetawala koloni hilo kuanzia 1901 hadi 1906. Sisi tuliosoma shule za ukimbizini Tanzania tunamkumbuka mtu huyo katika somo la historia, kwa sababu vita vya Maji Maji vilianza yeye akiwa gavana. Binafsi sisikitiki kwamba jina lake lilifutwa ubavuni. Liemba ni jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa mwaka 1867, na ndilo ambalo Waingereza walilichagua walipoirudisha meli kazini.

Grisi iliyookoa injini

Sehemu inayostahili kusimuliwa polepole ni ya mwaka 1916. Vita vilikuwa vimewaelemea Wajerumani, na jeshi la Wabelgiji lilikuwa likiikaribia Kigoma. Ilibidi meli isiangukie mikononi mwa adui. Njia rahisi ilikuwa kuilipua. Wale mafundi watatu hawakufanya hivyo. Walizipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, na Julai 26, 1916 wakaizamisha taratibu kusini ya Kigoma, mahali ambapo haitavunjika.

Wabelgiji waliiibua mwaka 1918 na kuivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza ndio walioitoa majini Machi 1924. Walipoifungua na kufuta matope na grisi, walikuta injini na boila vikiwa katika hali nzuri, baada ya takriban miaka minane ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya maji. Mei 1927 meli ilirudi kazini.

Fundi yeyote wa makanika anaelewa maana yake. Mtu anayepaka grisi chombo anachokizamisha anatarajia kwamba siku moja kitahitajika, hata kama atakayekitumia si yeye.

Cha ajabu ni kwamba injini hizo za mvuke, zilizonusurika vita na ziwa, hazikunusurika ukarabati. Katika matengenezo ya mwaka 1976 hadi 1979 ziliondolewa na kuwekwa za dizeli. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, meli ilipata injini nyingine mpya pamoja na vyumba vipya vya abiria. Siwalaumu waliofanya hivyo. Boila linalokula kuni haliwezi kuendelea kuifanyia kazi biashara ya leo. Lakini matokeo yake ni kwamba leo, anayetaka kuiona Goetzen ndani ya Liemba, atazame bodi yenyewe: mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa ribiti, moja baada ya jingine, bila kuchomelewa. Bamba lililochomelewa ni la baadaye. Bamba lenye safu za ribiti lilisafiri katika yale masanduku. Hata mtoto wa shule anaweza kufundishwa kutofautisha.

Alama zisizo za Wajerumani

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa vitu vya kale, hasa wa Ulaya, ambao kwao uasili wa meli hii unaishia mwaka 1916. Kwetu sisi kuna tarehe nyingine mbili. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, liliikodi Liemba kuwarudisha kwao Wakongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Na Mei 2015, Warundi kwa makumi ya maelfu walipokwama katika kijiji cha Kagunga, mpakani, huku kipindupindu kikizuka ufukweni, ilikuwa Liemba hiyo hiyo iliyowachukua kuwapeleka Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari. Kagunga haikuwa na gati ya kuipokea. Watu walipelekwa kwa boti ndogo hadi ubavuni mwa meli, kisha wakapandishwa, watoto wakipokelewa kwa mikono.

Mlango ule wa ubavuni si kitu cha kuwekwa makumbusho huko Papenburg. Lakini ukibadilishwa bila mtu kuandika popote kwamba hapo walipita watu wa Rumonge na Makamba, kitakachokuwa kimepotea kwetu ni kikubwa kuliko injini ya mvuke.

Maombi yangu kwa wakarabati ni madogo. Usalama utangulie. Bamba lililooza liondolewe hata kama ni la mwaka 1913, kwa maana abiria haokolewi na historia. Ila kabla ya kuondolewa kila kitu kipigwe picha, na sehemu moja ya bodi yenye ribiti iachwe mahali ambapo abiria anapita, pamoja na kibao chenye miaka yote: 1915, 1916, 1924, 1997, 2015. Kiandikwe kwa Kiswahili, lugha ya wanaoipanda.

Nilimweleza wazo hilo mama mmoja mfanyabiashara ambaye kwa miaka mingi amevusha mawese na sabuni kati ya pwani hii na Kigoma, na ambaye siku hizi anategemea boti za mbao na barabara ya Mugina. Alinisikiliza kwa subira hadi mwisho.

"Mwalimu, kibao ni kizuri," alisema. "Lakini waulize kama mzigo bado utanyanyuliwa kwa wavu. Dumu la mawese likigongwa ukutani linapasuka, na hakuna anayelilipa."