Ofisi Inayosafiri: Kompyuta Mpakato na Uandikishaji wa Wapigakura katika Teritori ya Kongolo

1. Utangulizi

Neno mpakato limetokana na kitenzi pakata, yaani kuweka mapajani, hasa mtoto. Kwa kuliteua, wanaistilahi walikitaja chombo kwa namna kinavyoshikwa. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo istilahi hiyo haijaenea. Huko husikika zaidi ordinatere, lililotoholewa kutoka Kifaransa. Hata hivyo, makala haya hayahusu jina la chombo bali kazi yake. Yanakusudia kueleza jinsi kompyuta ya kubebeka ilivyoihamisha ofisi ya dola kutoka ndani ya jengo hadi kijijini, na kile ambacho hakikuhama pamoja nayo.

2. Rejesta inayomfuata mtu

Mji wa Kongolo uko kando ya mto Lualaba, kwenye reli itokayo Kabalo kuelekea Kindu. Teritori yake ilikuwa sehemu ya Katanga hadi mwaka 2015, mkoa huo ulipogawanywa katika mikoa minne. Tangu hapo imo katika Mkoa wa Tanganyika, ambao makao yake makuu ni Kalemie. Kwa muda mrefu, mwanakijiji aliyehitaji hati alilazimika kuifuata rejesta ilipo. Rejesta haikumfuata yeye.

Mwaka 2005 utaratibu huo uligeuzwa. Tume Huru ya Uchaguzi, chini ya uongozi wa Padre Apollinaire Malumalu, iliandikisha wapigakura nchini kote kwa kutumia kompyuta mpakato pamoja na kamera, kifaa cha kusoma alama za vidole, mashine ya kuchapa na jenereta. Vyote hivyo viliweza kupakiwa na kusafirishwa. Karani aliuliza, akaandika, akapiga picha, na kadi ikatoka papo hapo. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa kabla ya uchaguzi wa Julai 30, 2006.

3. Sikio la karani

Kadi hiyo haikuwa ya kupigia kura tu. Kwa kuwa kwa miongo mingi dola haikuwapa wananchi wote kitambulisho cha taifa, kadi ya mpigakura ilishika nafasi yake: ndiyo iliyoonyeshwa benki, safarini na kwenye vizuizi vya barabarani. Kwa watu waliofukuzwa makwao na mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyopamba moto mkoani tangu mwaka 2016, yawezekana kadi hiyo ndiyo hati pekee iliyobaki mikononi.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Mkazi wa Kongolo hujieleza kwa Kiswahili, Kihemba, Kiluba au Kisongye, ilhali kadi huandikwa kwa Kifaransa. Kati ya kinywa chake na kadi kuna sikio la karani. Sauti moja huweza kuandikwa sh kwa tahajia ya Kiswahili au ch kwa ile ya Kifaransa; nyingine u au ou. Mzazi ambaye jina lake katika kadi linahitilafiana na lile lililo katika cheti cha mwanawe huwa watu wawili machoni pa dola. Asiyejua kusoma hawezi kuligundua kosa hilo kabla halijachapwa.

4. Mashine zisizoonana

Aidha, kompyuta inayofanya kazi pasipo mtandao haijui yaliyoandikwa na mwenzake. Mtu akiandikishwa katika vituo viwili, kila mashine humwona mgeni. Kwa sababu hiyo taarifa zilipaswa kukusanywa na kulinganishwa Kinshasa. Katika zoezi la miaka ya 2016 hadi 2018, waliorekodiwa walizidi milioni 46. Baada ya kuondolewa walioandikishwa zaidi ya mara moja na wasiotimiza umri, walibaki takriban milioni 40.

Yafaa izingatiwe kwamba karani alisafiri, lakini uamuzi wa mwisho haukusafiri. Mwananchi alikuwapo alipopigwa picha. Hakuwapo jina lake lilipobakizwa au kufutwa. Hivyo, umbali uliopunguzwa wakati wa kuandikishwa ulirudi wakati wa kukata rufaa, kwani aliyefutwa kimakosa hakuwa na meza ya jirani ya kupeleka lalamiko lake: ile iliyomwandikisha ilikwisha kufungwa na kupakiwa.

5. Hitimisho

Kompyuta mpakato imeondoa ulazima wa kazi kuwa na mahali pamoja. Kwa Kongolo, faida yake ni dhahiri: safari ya siku nyingi inaweza kuwa ya saa chache. Lakini ofisi isiyo na jengo huhitaji utaratibu unaobaki baada ya gari kuondoka, yaani mahali pa kusahihisha pawe karibu kama palivyokuwa mahali pa kuandika. Vilevile, kabla ya kuchapa, karani na amsomee mwenye kadi jina lake herufi kwa herufi, katika lugha aielewayo. Hilo halihitaji mashine mpya.